Tupeane uzoefu: nani amepungua uzito bila kuiacha keki?

Mama Chumbageni

Habari za jioni wandugu. Niko Tanga, mama wa watoto watatu, keki naoka za nyumbani na za oda. Mwezi wa nne nilipanda mizani, ikaniambia kilo 94. Mji wetu ndio huu wa waja leo waondoka leo, lakini hizo kilo zilikuja zikajenga kabisa.

Keki siachi, nisiwadanganye. Nikasema nitaioka nyepesi. Kipimo changu cha siku zote ni unga vikombe 3, sukari kimoja na nusu, mafuta kimoja, mayai 4. Nikakaa na kalamu. Gramu ya sukari ni kalori 4, gramu ya mafuta ni 9. Kikombe kile cha mafuta peke yake kinabeba kalori karibu 1,900, na sukari yote ile karibu 1,200. Miaka yote naitukana sukari, kumbe mwizi yuko kwenye dumu!

Mafuta nikabakiza robo kikombe, palipobaki nikatia mtindi. Ikakubali, keki laini, ina uchachu kwa mbali unaopendeza. Nikapata kiburi, sukari nikaikata nusu. Hapo nilichemka. Ilitoka imepauka kama mtu aliyetoka malaria, na kesho yake ukiishika inamwagika makombo. Sukari haiji kwa utamu tu. Ndiyo inayoshika maji ndani ya keki na ndiyo inayoleta ile rangi ya kahawia. Siku hizi natoa robo, nikijikaza theluthi, na watoto hawajawahi kujua.

Sasa sikieni aibu yangu. Kwa kuwa "ni nyepesi", nikawa nakata kipande, nageuka, nakata kingine. Keki niliyozoea kuila kwa siku nne ikawa inaisha siku mbili. Mwezi wa sita mizani ikasoma 95! Nilicheka, baadaye nikalia.

Nikaacha keki ya duara, naoka ndogondogo za vikombe vya karatasi, 12 kwa mkupuo. Mbili zangu, mbili za kila mtoto, nne zinazobaki zinatoka nje ya nyumba siku hiyohiyo. Leo nina 88. Haya, semeni na nyie.

Mjukuu wa Ngamiani

Shoga, mnahangaika na mtindi, mkate wa mayai mmeusahau? Ule hauna tone la mafuta. Ni mayai, sukari, unga na iliki basi. Bibi alikuwa anakaa uani na mchapo, anapiga mayai na sukari mpaka yanakuwa meupe mazito, ukiinua mchapo yanaanguka kama utepe. Hewa ile ndiyo inayouinua mkate, hamira wala bekingi pauda haiingii. Ndiyo maana alikuwa hataki mtoto apige kelele jikoni (sijui kelele na mayai vinahusiana wapi, ila tulinyamaza).

Mimi natia mayai 6, unga kikombe kimoja, sukari robo tatu badala ya kikombe kizima. Angalizo: sukari ikipungua povu halisubiri. Mkaa uwe tayari kabla unga haujaingia, mwingi juu ya mfuniko, chini kidogo tu. Nilichelewa siku moja kwa ajili ya simu, nikapata chapati nene.

Nimepungua kilo 4. Lakini soda nayo niliacha kipindi hichohicho, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

Mlaji tu

Mie siyo mwokaji, mie ndiye ninayeokewa. Wife alisoma mahali kwamba asali haina neno, akaniokea keki ya tende na asali, "haina sukari mume wangu, kula". Nikala kwa amani ya moyo wiki tatu, kipande asubuhi na kipande usiku. Mie mtu wa kisukari, jamani. Nilipokwenda kupima, daktari akatazama namba, akaniuliza nakula nini. Nikamweleza kwa fahari. Akaweka kalamu chini.

Asali ni sukari. Kijiko cha chakula cha asali kina kalori kama 60, cha sukari kama 50, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Tende nazo sehemu kubwa ni sukari, tofauti yake ina nyuzinyuzi. Afadhali tende tatu kavukavu na kahawa chungu, unazihesabu. Ndani ya keki nani anahesabu?

Mama Chumbageni

Pole kaka yangu. Na wife usimnunie, alikusudia mema.

Mkwe wa Pangani

Mimi nilijaribu kuupunguza mkate wa kumimina. Tui zito nikaliacha, nikasagia mchele kwa tui la pili, lile la majimaji. Ukaumuka vizuri tu, vitobo vyote vipo, nikajiona fundi. Nikampelekea mama mkwe. Akatafuna, akatazama dari, akasema, "Mwanangu, huu umeuosha?"

Tangu siku ile tui zito limerudi. Nakula kipande cha upana wa vidole viwili, tena baada ya chakula na siyo saa kumi nikiwa na njaa. Kuna vitu mkivipunguza mnaviua, na mimi kwa nazi sina msimamo mwingine. Kilo? Nilikuwa 81, nina 78, mwaka mzima. Taratibu sana lakini hazijarudi.

Wa Muheza

Huku kwetu machungwa hayana bei msimu wake. Kwaruza ganda la nje, lile la rangi tu, jeupe la chini ni chungu. Ganda la machungwa mawili na iliki ya kutwanga wakati huohuo, siyo ya pakiti, harufu inaudanganya ulimi hata sukari ikipungua. Au achaneni na unga kabisa siku nyingine: ndizi mbivu iliyoanza madoa meusi, ipasue, mdalasini, tia kwenye oveni mpaka itoe asali yake yenyewe. Wangu wanaigombania.

Unga wa atta nao nimejaribu. Kalori karibu zilezile, ila kipande kimoja kinashibisha. Changanya nusu kwa nusu na mweupe, ukitia mtupu utakula tofali.

Mama Chumbageni

Ganda la chungwa nalijaribu Jumamosi. Mjukuu wa Ngamiani, ule mkate wa mayai unakaa siku ngapi bila kukauka?

Mjukuu wa Ngamiani

Sijui shoga, kwangu haujawahi kufika kesho. Ndiyo tatizo langu lenyewe hilo.

Jirani wa Raskazone

Samahani, mimi nimesoma yote lakini nimekwama kwenye keki nne zinazotoka nje ya nyumba. Zinatokea mlango gani, na saa ngapi?