Mwanahabari wa kujitegemea: tukubaliane nini kabla hajaenda ufuoni?

NyavuNaJembe, Kisumu
Habari zenu wadau. Tunaendesha jarida dogo la mtandaoni la wakulima na wavuvi. Tunataka ripoti ya maneno 1,500 hivi kuhusu vizimba vya kufugia samaki ndani ya Ziwa Victoria, kuanzia Dunga hadi Usenge. Hatuna uwezo wa kuajiri, ila tumempata mwandishi wa kujitegemea ambaye kazi zake tumezisoma na kuridhika nazo. Tumwandikie nini kabla hajaanza? Tumlipe kwa neno au kwa kazi nzima? Na nauli ni juu ya nani?

KalamuYaNyando
Nianze na nauli, maana hapo ndipo kazi nyingi za huku kwetu huharibikia. Nauli ni juu yenu, na itumwe kwa M-Pesa kabla hajaondoka nyumbani. Mwandishi asiye na pesa ya safari atafika ufuoni na kupanda boti ya mwenye vizimba, atakula kwa mwenye vizimba, na jioni atarudishwa mjini na gari la mwenye vizimba. Hata awe mwadilifu namna gani, maswali magumu yatapungua. Bahasha nayo ikitokea, itamkuta mtu anayewaza atarudije.

Kaeni naye mpige hesabu: matatu hadi Bondo na Usenge, boda ya kuteremka ufuoni, petroli ya boti na malipo ya nahodha, jaketi la kuokoa maisha, chakula, malazi, bando na kredo. Ongezeni siku moja ya akiba, kwani ziwa likichafuka boti haitoki. Gharama hizi ziandikwe kando kabisa na ujira wake.

Ujira wenyewe uwe wa kazi nzima. Ukilipa kwa neno, unanunua urefu, na hapa mnachotaka ni uchunguzi. Hesabuni siku: mbili au tatu ufuoni, moja ya kuzunguka maofisini, mbili za kuandika. Halafu kuna kazi ambayo wahariri huisahau kila mara: mahojiano ya saa moja kwa Kidholuo yanaweza kumchukua saa nne hadi sita kuyanakili na kuyatafsiri. Akihoji watu wanane, hizo ni siku kadhaa.

Kuhusu maelekezo, ukurasa mmoja unatosha, ila uwe na swali. “Vizimba vya samaki” ni mada tu. Swali ni kama hili: samaki wakifa kwa wingi vizimbani, hasara ni ya nani, na nani alipaswa kuonya mapema? Swali la namna hiyo ndilo linalomwonyesha nani lazima asikike: mfugaji wa vizimba vichache, kampuni kubwa, mvuvi wa nyavu aliyesukumwa mbali na maji yake ya zamani, viongozi wa BMU (kamati za kusimamia fuo), watafiti wa KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) pale Kisumu, maafisa wa uvuvi wa kaunti zote mbili, Kisumu na Siaya, na NEMA, mamlaka ya mazingira. Msipoandika majina ya ofisi, mtaletewa ripoti yenye wavuvi watatu na picha ya machweo.

WinoNaSheria
Naongezea upande wa mkataba. Barua pepe yenye jibu la “nimekubali” inatosha, mradi haya yamo.

Hakimiliki kwanza. Chini ya sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Waandishi wengi hawalijui hili, na ugomvi huzuka wanapouza picha zilezile kwingine. Kwa jarida dogo, naona haki ni hii: nyinyi mchapishe wa kwanza, mbaki nayo kwenye tovuti yenu, naye awe huru kuiuza baada ya siku 30.

Pili, lipeni rasimu ya mwisho ikikubaliwa, msingoje ichapishwe. Mkiikalia miezi mitatu kwa sababu zenu, yeye alishamaliza kazi. Andikeni pia kwamba mkiifuta bila kosa lake, anapata nusu ya ujira na gharama zote za safari.

Ushuru: malipo ya kitaalamu yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mnakata 5% na kuiwasilisha KRA, mamlaka ya ushuru. Mwambieni mapema, asije akadhani mmempunja. Muulizeni pia kama anatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana bila hiyo gharama hiyo haitakubaliwa kwenye hesabu zenu za ushuru.

Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari mhakikishe ni ya mwaka huu. Bila kadi, maofisini atazungushwa.

NyavuNaJembe, Kisumu
Asanteni sana. Mwenye vizimba mmoja ameshasema atazungumza tu akiahidiwa kuisoma ripoti kabla ya kutoka. Tukubali? Na takwimu za kaunti je, tumpe wiki mbili?

KalamuYaNyando
Msikubali, na mwandishi asiahidi kwa niaba yenu. Anachoweza kupewa ni kusomewa maneno yake mwenyewe na tarakimu zake kwa simu, ili arekebishe palipo na kosa: idadi ya vizimba, kilo, tarehe. Ripoti nzima haendi nayo mtu. Ila kama kuna tuhuma dhidi yake, lazima aulizwe waziwazi na apewe muda wa kujibu, siku mbili tatu.

Wiki mbili hazitoshi kwa takwimu. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 21 kujibu ombi, na inaweza kuongeza 14. Barua zipelekwe siku mnapokubaliana kazi, kabla ya safari ya kwanza, na nakala zigongwe muhuri wa kupokelewa. Wekeni makataa mawili: rasimu wiki ya nne, toleo la mwisho siku saba baada ya maoni yenu. Maoni yatoke kwa mhariri mmoja, mara moja, kwa maandishi. Wahariri watatu wakimwandikia kila mmoja kivyake, atarudisha kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Pamoja na rasimu awaletee rekodi, nakala za barua, na orodha ya waliohojiwa na namba zao. Orodha hiyo ibaki kwa mhariri peke yake, isiingie kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Kuna wavuvi watakaosema mambo ambayo wenye vizimba hawatayapenda, na hao ndio wanaoishi pale ufuoni.