Ukoo wa Mpunguzi: Fomu za Neema

*Jumamosi, Desemba, saa 12 jioni*

Mjomba Ezekieli: Wapendwa habari za jioni. Kuna kijana hapa Kibaigwa anasema kwa 350,000 anamtafutia Neema ufadhili wa kusoma Marekani, uhakika. Nusu anaitaka leo. Dada, nimtumie?

Mama Neema: Kaka subiri kwanza. Baba Neema yuko shambani anapiga dawa, hajashika simu tangu asubuhi.

Shangazi Agnes: Mjomba usitume hata shilingi. Hakuna mtu wa nje ya chuo anayeweza kuahidi nafasi ya chuo. Ukitaka ushauri, EducationUSA wapo pale ubalozi wa Marekani Dar, na ushauri wao ni bure. Huyo anakuuzia kitu ambacho hana.

Mjomba Ezekieli: Mbona amenitumia na kiungo? Inaitwa QuestBridge. Nimefungua, mambo yanaonekana ya kweli kabisa.

Yona (UDOM): Shikamooni. Ni ya kweli mjomba, ila si yetu. Ile ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, au mtoto anayesoma sekondari hukohuko. Mtoto mwenye akili wa familia ya kipato kidogo anajaza fomu moja, akifika fainali anapanga vyuo hadi 15, tarehe 1 Desemba anaambiwa kama kuna kilichomchukua na kumlipia miaka yote 4. Mpango mzuri sana, lakini Neema anasoma Dodoma na ni Mtanzania. Huyo kijana angekula hela, halafu aseme fomu imekataliwa.

Mjomba Ezekieli: Duh. Basi namjibu kwamba tumeghairi. Asante baba.

Neema: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Mwalimu wa hesabu ametuma barua yake ya kunipendekeza jana kwenye mtandao. Bado ya mkuu wa shule, pamoja na alama zangu za kidato cha tano.

Shangazi Agnes: Marahaba mwanangu. Mkuu mpigie Jumatatu asubuhi kwa adabu, umkumbushe na kile kipengele cha kuthibitisha kwamba familia haiwezi kulipa ada ya maombi. Bila hicho vyuo vingi vitakudai dola.

Mama Neema: Wifi, mimi naogopa hiyo bei. Yona alinionyesha kwenye simu, dola zaidi ya 80,000 kwa mwaka! Tukiuza shamba na nyumba na sisi wenyewe hatufiki. Kwa nini tumchoshe mtoto, ana mtihani wa NECTA mwezi wa 5?

Shangazi Agnes: Wifi nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanakata tamaa kabla hawajaanza. Bei ile ni ya mwenye nazo. Kuna vyuo, si vingi, ambavyo kwa mtoto yeyote wa nchi yoyote havitazami mfuko wa mzazi wakati wa kuamua nani aingie. Akishachaguliwa ndipo wanapiga hesabu familia inaweza kutoa kiasi gani, na kinachobaki wanalipa wao. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wamo. Harvard tangu 2025 familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka haichangii chochote. Sasa sisi tuko wapi hapo?

Kundi la pili ni vyuo vinavyosaidia sana aliyeingia, lakini ukiomba hela nyingi nafasi yako ya kuingia inaweza kupungua. Hivyo tunavichagua kwa uangalifu. Kundi la tatu vinatoa punguzo kidogo tu, wewe ujazie. Hivyo tusivitazame kabisa, hata kama barua ya kukubaliwa itakuja na maua. Barua ya kukubaliwa isiyo na hela ni machozi kwa mtoto maskini, nimeona kwa wanafunzi wangu.

Yona (UDOM): Mama Agnes ameeleza vizuri. Naongeza chuo cha Berea, kiko Kentucky. Kilianzishwa 1855, na tangu 1892 hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni wanaochukuliwa ni wachache, lakini Neema kazi haimtishi.

Mjomba Ezekieli: Sasa si tuweke Harvard moja kwa moja?

Neema: Sijafanya mtihani wa SAT mjomba. Harvard na MIT wanautaka. Amherst na Bowdoin hawalazimishi. Bowdoin wameacha kuulazimisha tangu 1969!

Shangazi Agnes: Na tusidanganyane, vyuo hivi vikubwa vinachukua watu wasiozidi 5 kati ya kila 100 wanaoomba Harvard, Yale, Princeton au MIT, na hivyo viwili vya Neema navyo ni vigumu. Akikosa haina maana kwamba hana akili. Ndiyo maana Marekani si mlango pekee. Sera za viza nazo zinabadilika, mtu anaweza kupata chuo akakwama ubalozini. Yona, waeleze ile ya Mastercard.

Yona (UDOM): Mastercard Foundation Scholars, ilianza 2012. Inalenga hasa vijana wa Afrika wenye uwezo darasani ambao kwao hawana uwezo. Makerere wapo, Ashesi ya Ghana wapo. Inalipa ada, malazi, nauli na hela ya kujikimu. Kila chuo kina dirisha lake la maombi, hayo nafuatilia mimi.

Na nyumbani hapa hakipotei kitu. Majibu ya Marekani mengi yanatoka kufikia mwisho wa Machi, mtihani ni Mei, matokeo ya kidato cha sita Julai. Akipata alama za juu kwenye sayansi kuna Samia Scholarship, ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ile si mkopo. Na Bodi ya Mikopo ipo kama ilivyonibeba mimi. Ila cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, tusisubiri foleni ya mwezi wa 7.

Mama Neema: Hapo nimepumua kidogo. Mdogo wake naye yuko kidato cha nne, anauliza na yeye.

Shangazi Agnes: Huyo aangalie shule ya UWC East Africa, Moshi na Arusha. Tutaongea siku nyingine, leo tumalize ya dada yake.

*saa 1:40 usiku*

Baba Neema: Nimerudi. Nimesoma zote. Dada, ile fomu ya mapato sitaijaza.

Shangazi Agnes: CSS Profile? Kwa nini kaka?

Baba Neema: Inauliza kila kitu. Nyumba ina thamani gani, nadaiwa kiasi gani, mke wangu anapata nini. Nichukue umaskini wangu niupeleke kwa watu nisiowajua? Na barua ya mtendaji juu yake. Mtendaji nimesoma naye darasa moja.

Mjomba Ezekieli: Shemeji, kama ni hivyo mbona rahisi. Andika mtoto ni yatima, analelewa na bibi. Wengi wanafanya. Huulizwi tena mapato.

Mama Neema: Ezekieli! Mume wangu yuko hai, anakula ugali hapa mbele yangu.

Shangazi Agnes: Mjomba hapana, na nasema kwa uzito. Fomu inaweza kulinganishwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya shule na anachoandika mtoto mwenyewe. Uongo mmoja ukionekana wanafuta nafasi, hata akiwa ameshaanza masomo. Isitoshe hatuna haja nao. Ukweli wetu unatosha kabisa kuombea msaada.

Baba Neema: Ukweli wenyewe sina. Mimi silipwi mshahara. Mwaka mmoja zabibu zinakubali, mwaka mwingine mvua inaleta ukungu. Wanataka namba ya mwaka mzima, nitaitoa wapi?

Neema: Baba, namba zipo. Daftari la bluu. Nimeandika kila mzigo tangu nikiwa kidato cha kwanza, likizo naandika mwenyewe, nikiwa shule mama ananiandikia. Naziweka hapa?

Baba Neema: Weka.

Neema: Mwaka huu:
Zabibu msimu wa Februari na Machi, kilo 1,400 kwa 1,200 = 1,680,000
Msimu wa Agosti na Septemba, kilo 900 kwa 1,500 = 1,350,000
Faida ya maandazi ya mama = 480,000
Jumla 3,510,000

Tulizotoa: samadi na dawa 420,000, vibarua wa kupogoa na kupalilia 380,000, kreti na usafiri 160,000. Jumla 960,000.

Inabaki 2,550,000.

Yona (UDOM): Karibu dola elfu moja. Kwa mwaka, watu 6.

Shangazi Agnes: Na zile ninazowatumia mimi nazo ziandikwe, msaada wa ndugu unaulizwa. Kuku na ile mbuzi pia. Fomu yenyewe ina ada, lakini vyuo vingi ukiwaandikia barua pepe ukaeleza hali, wanakupa msimbo wa kujaza bure. Neema andika leo, wanachelewa kujibu wakati wa Krismasi.

Yona (UDOM): Bibi ametuma sauti ya dakika 3. Kwa wasio na bando naiandika kama alivyosema:

"Mbukwenyi wanangu. Nimesomewa yote. Baba Neema, mwaka ule ulipochaguliwa kwenda sekondari hatukuwa na godoro, sanduku wala nauli. Baba yako akasema tusimwambie mtu, watatucheka. Tukanyamaza. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza mbona hujaripoti, nafasi imeshakwenda. Akasema angelijua mapema kanisa lingechanga. Mimi nimekaa na neno hilo mpaka leo. Waambie hao watu huna. Kama wameuliza wenyewe, waambie."

Mama Neema: 🙏

Mjomba Ezekieli: Mama umenigusa. Shemeji nisamehe kwa lile la yatima.

*saa 2:25 usiku*

Baba Neema: Nimekuelewa mama. Nitajaza. Lakini anisomee Neema kila swali kwa Kiswahili kabla sijajibu, nisiweke neno nisilolijua.

Neema: Asante baba. Swali la wapi mlifika shule mimi na mama tumeshalijaza, darasa la saba wote wawili. Yona anasema hilo nalo wanalitazama, kwamba mimi ndiye wa kwanza kwenda chuo kwenye nyumba yetu.

Shangazi, insha yangu nimeifuta. Nilikuwa nimeandika juu ya kutembea na njaa, lakini nikisoma naona kama namwandikia mtu anionee huruma. Inaruhusiwa maneno 250 hadi 650. Naweza kuandika kuhusu daftari? Jinsi nilivyogundua kwamba msimu wa pili kilo ni chache lakini bei ni nzuri, halafu nikamshawishi baba abadilishe wakati wa kupogoa nusu ya mizabibu?

Shangazi Agnes: Mwanangu andika hiyo hiyo! Njaa watu wanaijua, na kwenye fomu ya mapato wataiona. Hawajui ulivyobishana na baba yako kwa namba, na kama alikubali au hakukubali.

Baba Neema: Nilikubali mistari minne tu. Aandike ukweli.

Neema: Ndiyo baba, mistari minne 😊

Mama Neema: Atakayesahihisha Kiingereza nani?

Shangazi Agnes: Mimi nitasoma, nitamwonyesha palipokosewa, arekebishe mwenyewe. Sitamwandikia. Itume kwangu Jumatano jioni. Tarehe za mwisho za vyuo vingi ni siku za mwanzo za Januari, na mtandao wa hapa mvua ikinyesha mnaujua, kwa hiyo sisi tunatuma kabla ya Krismasi.

Yona (UDOM): Jumatatu nipo Majengo saa 4, kuna mahali wanachanganua nyaraka kwa bei nafuu. Mjomba Baba Neema, ukitoka kwa mtendaji njoo na barua, cheti cha kuzaliwa cha Neema na daftari. Picha za simu zisizosomeka wanazirudisha.

Baba Neema: Nitakuwa kwa mtendaji saa 2. Mama Neema nipigie pasi ile shati nyeupe.

Mjomba Ezekieli: Nauli ya daladala na hela ya kuchanganua natuma mimi sasa hivi. Neema, bando pia.