Tupeane uzoefu: wazee wetu waliotoka vitani, nini kiliwatuliza na nini kiliwamaliza?

Mjukuu wa Rungwe: Wakuu, shikamooni mlionitangulia. Kwetu Tukuyu mvua haina msimu. Ikipiga bati kwa nguvu usiku, baba alikuwa anatoka na kusimama chini ya migomba mpaka ikatike. Utotoni tulidhani anaangalia mfereji. Alikuwa mgambo, akaitwa mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera. Aliniambia mara moja tu kwamba kishindo kile kwenye bati, kwake ni mizinga.

Rafiki yake wa kitongoji kilekile alikwenda naye, wakarudi 1979 kwa lori moja. Baba alilima chai, akatusomesha. Mwenzake ndoa ilivunjika, pombe ikamuua. Miaka yote nilijiuliza, si waliona yaleyale? Juzi ndiyo nimeambiwa kuwa mwenzake alipangiwa kukusanya miili. Halafu aliporudi alikuta mama yake ameshazikwa, na hakuna aliyempelekea habari. Baba alimkuta mama, akamkuta na bibi. Wenye wazee wa namna hii tuelezane.

Binti Mufindi: Pole sana kaka. Babu yangu alikuwa anakaa na wenzake wawili wa kikosi kila Jumapili baada ya ibada, wanakunywa ulanzi kidogo. Vita hawakuitaja sana. Walipofariki wote wawili, ndoto zikamwanza babu akiwa na miaka sabini na kitu, anaamka anapiga kelele za amri. Tulisema ni uzee. Haukuwa uzee, na inaniuma kwamba tulichelewa kumpeleka kwa daktari.

Mstaafu Uyole: Mimi nilikwenda Kongo kulinda amani. Desemba 2017 wenzetu walipouawa Semuliki nilikuwa nimesharudi nyumbani, nimekaa na redio, mikono ikatetemeka siku tatu. Lakini risasi nilizizoea. Kinachonikosesha usingizi ni kijiji tulichofika tumechelewa. Hofu hupungua na miezi, ila hatia inakaa palepale. Nilikawia kutafuta msaada kwa kuogopa mtaani watasema napelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari wa afya ya akili alinisikiliza tu wiki za mwanzo, na hilo peke yake lilinifaa. Mke wangu naye alijifunza kutoniamsha kwa kunigusa. Huniita jina akiwa mlangoni.

Wa Makete: Kwetu mjomba alifanyiwa tambiko. Wengine mtalipinga, lakini siku ile alitaja majina ya wenzake waliokufa mbele ya ukoo mzima, mara ya kwanza na ya mwisho. Baada ya hapo alilala.

Mjukuu wa Rungwe: Mstaafu, asante sana mzee wangu. Hapo kwa mkeo nimeshindwa kuendelea kusoma, nikampigia mama. Anasema kila usiku wa mvua alikuwa anajitanda kanga, anatoka, anasimama na baba migombani bila kumuuliza kitu. Sisi tulikuwa tumelala.