Alumini niliyoipiga msasa inakataa maji na rangi baada ya kukaa rafuni

FundiVibao
Habari zenu wakuu. Natengeneza vibao vya namba za nyumba na majina ya ofisi hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa bati la alumini la milimita 2. Miaka yote utaratibu wangu ni mmoja: Jumamosi nakata na kupiga msasa namba 240 mzigo wa wiki nzima, napanga rafuni, halafu napaka rangi kadiri oda zinavyoingia.

Mwezi huu vibao 11 vimerudi. Rangi inatoka vipande vizima kama ganda la kitunguu. Nimefungua daftari: vyote 11 vilikaa rafuni zaidi ya siku 10 kabla ya kupakwa. Nilivyopaka siku ileile ya msasa hakijarudi hata kimoja. Rangi ni ya kopo lilelile.

Juzi nikachukua bomba la sindano, nikadondosha maji. Kwenye bati nililotoka kulipiga msasa tone lilitandaa mpaka ukabaki unyevu tu. Kwenye bati la wiki mbili tone lilisimama duara, na nilipoliinamisha likang'ang'ania pale pale. Nimepangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, hali ni ileile. Kwa macho bati hizi mbili ni pacha. Je, alumini inaota kutu isiyoonekana?

Nahodha_Kunduchi
Mkuu, hiyo ni chumvi ya bahari. Sisi kwenye boti inatusumbua kila siku. Osha kwa maji ya bomba, anika, paka.

FundiVibao
Shukrani kaka. Nimeosha jana. Maji yanakimbia, yanajikusanya vimichirizi na kuacha sehemu kavu katikati.

Maabara_Mlimani
Basi si chumvi, maana chumvi ingevuta maji. Wala si kutu. Alumini hujivika oksidi, yaani utando wa alumini iliyoungana na oksijeni ya hewa, mara tu msasa unapopita, na oksidi hiyo ikiwa safi inapenda maji sana. Ndiyo maana tone lako la kwanza lilitandaa.

Kilichoingia ni hewa yenyewe. Hewa ya mjini imebeba mvuke wa mafuta: moshi wa magari, wa majiko, thina zinazokauka. Chembe zake zinatua juu ya metali safi na kushikilia. Utando huo wa mafuta ni mwembamba mno, nanomita chache (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), jicho haliwezi kuuona na kitambaa kikavu hakiuondoi, kinausambaza tu. Lakini tone la maji haligusi alumini tena, linagusa mafuta, na rangi yako hivyo hivyo. Dhahabu na kioo navyo viko hivyo, vikiwa safi kabisa maji yanatandaa, vikikaa wazi tone linainuka. Hata grafaiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, ambayo kwa miaka mingi iliaminika kuwa inakataa maji, watafiti wa Pittsburgh nchini Marekani walionyesha mwaka 2013 kwamba ikibanduliwa upya inalowana zaidi, na inazidi kukataa maji kadiri inavyokaa hewani.

Sasa mikwaruzo ya msasa. Mtafiti Wenzel alieleza mwaka 1936 kwamba uso wenye mikwaruzo unazidisha tabia iliyopo. Uso unaopenda maji ukiukwaruza unayapenda zaidi, unaoyakataa unayakataa zaidi. Kwa hiyo msasa uleule uliokusaidia Jumamosi unakugeuka baada ya wiki mbili. Mwaka 1944 watafiti Cassie na Baxter wakaongeza hali nyingine: mabonde yakiwa na hewa iliyonaswa chini ya tone, tone linakaa juu ya vilele tu. Jani la gimbi liko hivyo, lina nta na vinundu vidogo sana, ndiyo maana maji yanabiringika juu yake. Bati lako halijafika huko, kwa sababu tone linang'ang'ania. Maji yameingia kwenye mikwaruzo, ila hayaupendi uso.

Karibu na rafu yako kuna nini?

FundiVibao
Nyuma ya ukuta kuna jiko la chipsi, dirisha la juu liko wazi. Mbele bajaji zinapanga foleni huku zinanguruma. Sikuwahi kufikiria.

Maabara_Mlimani
Jaribu hivi. Futa grisi kwa asetoni KABLA ya msasa, la sivyo unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia kitambaa cheupe kipya, pangusa kabla asetoni haijakauka, kwa sababu ikikauka yenyewe inayarudisha mafuta pale pale. Thina ya kopo ulilochovya brashi usiitumie. Na asetoni inashika moto, ifanyie mbali na jiko hilo.

FundiVibao
Nimerudi baada ya siku 6. Bati moja nililiweka kwenye chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa, nikafunga kifuniko. Jingine liliachwa rafuni. La rafuni tone limesimama. La chupani limetandaa, si kama la siku ya kwanza, lakini tofauti unaiona ukiwa umesimama mlangoni. La rafuni nikalifuta kwa asetoni: sehemu kubwa ikalowana, pembeni ambako mimi na kijana wangu tunashika kwa vidole pakabaki vimichirizi. Nikalipiga msasa tena, maji yakatandaa pote.

Msasa wa Jumamosi nimeuacha. Sasa nakata tu, na msasa napiga asubuhi ya siku ya kupaka, glavu mkononi. Vibao 11 navikwangua upya kwa gharama yangu, vitano ni vya mteja mmoja wa Tabata na nimeshampigia. Kila kimoja nakimwagia maji kwanza. Maji yakikatika popote, kibao hakiendi kwenye rangi.

Nahodha_Kunduchi
Mkuu, hilo la kumwagia maji nalibeba. Faiba ya boti yetu tunaipiga msasa, tunaiacha wiki nzima tukisubiri hela ya rangi.