Ziwa gani kwa likizo ya Agosti: Naivasha, Kisumu au Jipe?

MamaWatatu_Tudor
Wanajamvi, hamjambo. Watoto wangu (miaka 12, 9 na 4) wamechoka na bahari. Naam, kuna watu wachoka na bahari, na wako nyumbani kwangu. Kila likizo ufuo wa Pirates hapa Mombasa, mchanga mpaka kwenye mito ya kulalia. Safari hii wataka ziwa. Tuna siku nne, twaondoka na treni. Nataka mahali watoto watakimbia mpaka usiku walale wenyewe, si hoteli ya kukaa na simu. Nambieni.

BabaSwaleh
Naivasha. Hell's Gate ni mbuga unayoingia kwa miguu au baiskeli, na mbuga za hivyo Kenya ni chache. Twalikodi baiskeli karibu na lango, pundamilia wakitutazama kando ya njia kama ng'ombe wa jirani. Kagua breki kabla ya kulipa. Yangu haikuwa nayo ya nyuma, mteremko wote nikaburuta ndara chini mpaka soli ikatoka moshi. Siku ya pili vukeni na boti mpaka Crescent Island, mtembee kati ya twiga. Ila mvua ikinyesha msishuke korongoni pale Hell's Gate. Maji huja ghafla, na yameshaua watu.

MtaitaWaMagongo
Mwaenda mbali kote huko kwa nini? Treni ya asubuhi yasimama Voi, kutoka hapo ni lami mpaka Taveta. Jipe wavuvi wakupitisha na mtumbwi kwenye matete, wausukuma kwa upondo, hakuna kelele ya injini. Wasikia kiboko akipumua kabla hujamwona. Ng'ambo ni milima ya Upare, na asubuhi kukiwa kweupe Kilimanjaro yote iko wazi. Rudini kwa Ziwa Chala, maji yamekaa ndani ya shimo la volkeno, mpaka wa Tanzania wapita katikati. Kuoga hapana, kote kuwili. Mamba.

MamaWatatu_Tudor
@MtaitaWaMagongo na kutembea je? Huyu wa miaka 9 hakai kitako.

MtaitaWaMagongo
Hapo umenipata. Upande wa Tsavo ni ndani ya gari, ndovu na simba wako. Mtumbwini nao lazima akae.

NyarKisumu_Likoni
Mimi kwetu ni Kisumu na sitakudanganya: kwa siku nne usiende. Siku mbili zitaliwa na njia. Mkipata wiki nzima, nendeni ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, jioni, boti ya machweo, halafu samaki ngege mzima mezani na ugali. Lakini watoto wa pwani wakiona maji hujitupa, na ufukweni kwenye majani kuna konokono wa kichocho. Utashinda ukipiga kelele.

Yakhe_Kibokoni
Kwa hivyo mwalipa nauli kwenda kuyatazama maji yasiyoogeka? Haya.

BabaSwaleh
@Yakhe_Kibokoni ndiyo maana nikasema Naivasha. Pale raha iko nchi kavu. Ziwani kwenyewe kuna viboko, na magharibi hutoka kula nyasi, kwa hivyo jua likitua watoto wasisogee ufukweni.

MamaWatatu_Tudor
Basi Naivasha. Huyu wa miaka 4 babake atambeba kwenye baiskeli, yenye breki inshallah. Jipe nimeiweka, nitaenda na mume wangu watoto wakiwa kwa bibi yao.

NyarKisumu_Likoni
Mmebeba sweta lakini? Naivasha ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Agosti usiku ni baridi ya kutetemeka.

MamaWatatu_Tudor
Sweta! Nyumba hii haina hata moja.

Yakhe_Kibokoni
Kongowea, kwenye mitumba. Nenda alfajiri wakifungua mabelo.