Fundi ameiua kompyuta yangu, kisha ananiambia hapa Amu (Lamu) hakuna umeme tuli

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo wiki sita hazijaipoza. Duka sitalitaja, kwa kuwa bado namdai fundi wake na sitaki aseme kuwa nimemharibia jina kabla ya kumsikiliza.

Nilimpelekea kompyuta ya mkononi ili aniongezee ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ndani yake mna hesabu zote za mashua mbili za familia yetu, tangu mafuta hadi mgao wa mabaharia. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi, kwa hiyo nilisimama pale pale nikitazama kama anajikinga na umeme tuli, yaani ule unaojikusanya mwilini na kwenye plastiki kwa kusuguana, ambao cheche yake huweza kuua chipu. Alitoka kwenye kiti cha plastiki, akalivuka zulia la nailoni akiburuta kandambili, akaichana ile mifuko ya rangi ya fedha inayoikinga ramu na umeme huo, akaishika ramu kwa vidole penye vile viunganishi vyake vya rangi ya dhahabu na kuilaza juu ya kipande cha stairofomu kilichotoka kwenye kasha la televisheni. Baada ya hapo aliisugua bodi, ule ubao wa ndani unaobeba chipu, kwa brashi ya plastiki. Hakugusa chuma chochote kilichounganishwa na ardhi, wakati ile bangili yenye waya wa ethi, ambayo fundi huivaa mkononi ili umeme tuli ushuke ardhini, ilikuwa imening'inia ukutani, haijatolewa hata kwenye karatasi yake.

Nilipomuuliza mbona haivai, alicheka. "Ami, hapa ni Amu, hewa imejaa maji ya bahari. Mambo hayo ni ya nchi za baridi."

Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko hasara yenyewe, kwa sababu lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Ni kweli kwamba unyevu hupunguza umeme tuli: mtu akitembea juu ya zulia katika hewa kavu anaweza kujikusanyia hadi volti 35,000, ilhali katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90 kiwango hushuka hadi kama volti 1,500. Lakini binadamu hausikii mshtuko huo mpaka ufike takriban volti 3,000, na zipo chipu zinazoharibika chini ya volti 100. Maana yake ni kwamba hapa kwetu fundi anaweza kuua vifaa kutwa nzima bila kidole chake kusikia chochote, akaapa kwa dhati kwamba hakuna kilichotokea. Isitoshe, duka lake lina mlango wa kioo na kiyoyozi kinachonguruma tangu asubuhi, na kazi mojawapo ya kiyoyozi ni kuyanyonya maji hayo hayo ya hewani anayojivunia.

Utetezi wake wa pili ulikuwa kwamba bangili ingemfunga kwenye ethi, na umeme ukimpiga angekufa. Ndani ya waya wa bangili ya kweli huwekwa rezista (kizuia mkondo) ya omu milioni 1 kwa ajili ya hofu hiyo hiyo. Hata akigusa umeme wa volti 240, mkondo utakaopita katika waya ule haufiki robo ya miliampia. Angekuwa na shaka juu ya soketi zake, ambazo katika nyumba nyingi za mji huu tundu la ethi ni pambo tu, ningemwelewa, ila hilo hakulisema.

Anachoshikilia sasa ni kwamba kompyuta iliwaka siku ile nikaondoka nayo. Iliwaka, naam. Cheche inaweza kuijeruhi chipu bila kuiua, ikafanya kazi kwa siku au miezi kisha ikazimika. Yangu ilianza kuganda siku ya tisa, programu ya kupima ramu ikaonyesha makosa, na sasa haiwaki kabisa. Sitaapa kuwa ni cheche, maana chumvi ya bahari nayo hula bodi, lakini sijaona chumvi ikiila ramu mpya kwa siku tisa.

Nimemtaka abadilishe ramu na kuipima bodi kwa gharama yake. Ameninyooshea kidole kwenye risiti: bidhaa ikitoka dukani haina dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na sidhani kuwa mstari mmoja wa risiti unaweza kukifuta. Aliyewahi kudai fidia ya namna hii, hapa au Malindi, naomba anieleze alianzia wapi na alitakiwa kuleta ushahidi gani.

Jana alasiri nilipita tena. Bangili bado iko ukutani ndani ya karatasi yake, na juu ya stairofomu ile ile palikuwa na simu ya mtu mwingine, imefunguliwa.