Leseni ninayo, kuendesha peke yangu ndiyo siwezi. Mlianzaje?

Mguu Mzito:
Wakuu, shikamooni mliotangulia barabarani. Leseni yangu ina wiki tatu na sijawahi kuendesha nikiwa peke yangu. Kaka akikaa pembeni naenda vizuri tu, nabadilisha gia, naingia mzunguko, hata rivasi hainisumbui. Akishuka tu, naanza kutetemeka. Jumamosi nilijikaza. Nikafunga mkanda, nikarekebisha vioo, nikawasha. Nikakaa dakika kumi gari likinguruma, halafu nikazima nikarudi ndani. Mama akauliza mbona nimerudi mapema, nikamwambia nimesahau simu. Simu ilikuwa mkononi.

Ninachoogopa hasa ni gari kunizimikia kwenye mwinuko, nyuma kuna foleni na mtu kalalia honi. Mwalimu wangu alikuwa na breki yake upande wa pili, nadhani ndiyo iliyonilemaza. Gari ni la gia za mkono. Nisaidieni.

Babu Gia:
Marahaba, mwanangu. Mimi lilinizimikia mara nne kwenye taa zilezile. Zikawa kijani, zikarudi nyekundu, bado nipo. Jamaa wa nyuma akashuka, nikajua leo napigwa. Akainama dirishani: "Mzee, uko gia ya tatu."

Kwenye mwinuko usitegemee wepesi wa miguu. Vuta breki ya mkono. Klachi chini, namba moja, mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu hadi usikie mlio wa injini umeshuka na pua ya gari imenyanyuka kidogo. Hapo mguu wa kushoto ugande palepale! Ndipo ushushe breki ya mkono. Halitarudi nyuma hata shubiri. Likizima, breki, anza upya. Honi haisukumi gari.

Kimya Kingi:
Tafuta otomatiki, mambo yaishe.

Babu Gia:
Wewe hujaulizwa.

Dada wa Kioo cha Kati:
Mdogo wangu, mimi klachi haikunisumbua, ulinisumbua ukimya. Nilizoea kuambiwa "punguza, kuna mtu anavuka". Nilipobaki peke yangu nikagundua macho niliyokuwa natumia ni ya mwenzangu. Kwa hiyo nikaanza kujisemea kwa sauti: baiskeli kushoto, yule anataka kutoka, kioo, indiketa, geuza shingo, ingia. Hiyo shingo usiisahau, kuna sehemu kioo hakionyeshi kabisa.

Na mpe nafasi wa mbele. Akipita nguzo, hesabu. Usiifikie kabla ya sekunde mbili, mvua ikinyesha ziwe nne. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linameza karibu mita 14 kila sekunde, na mguu wako ukiwa na hofu hauwahi breki haraka unavyodhani. Mikono iweke saa tatu na saa tisa (uhesabu Kiswahili au Kizungu, ni palepale), lakini usiuminye usukani kama unakamua nguo. Tazama mbali, usitazame boneti.

Mguu Mzito:
Dada, watu si wataniona nimechanganyikiwa, naongea peke yangu?

Dada wa Kioo cha Kati:
Watadhani unaimba.

Mguu Mzito:
MREJESHO. Nimetoka leo alfajiri, barabara nyeupe! Nimezunguka mtaa mara tatu, na mara ya tatu nikaufuata mwinuko wenyewe. Limezima mara moja, nikavuta breki ya mkono, nikafanya kama alivyosema Babu, likapanda. Nimejisemea mpaka koo limekauka. Swali moja tu: nilipofika nyumbani kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua, na tangu pale kwenye mwinuko gari lilikuwa zito, nakanyaga mafuta haliendi. Ni ugonjwa gani huo?

Babu Gia:
Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu inawaka?

Mguu Mzito:
Ilikuwepo. Nilidhani ni ya mkanda.

Babu Gia:
Breki ya mkono hukuishusha yote, mwanangu. Liache lipoe, halafu mwambie kaka yako mwenyewe kabla hajalisogelea na pua yake.